Kasuku wa dukani: gole lisiloshuka, mdomo unaouma na makelele ya jioni

Ninafanya kazi kwenye duka la ndege hapa Maskati. Mwenye duka ni mzee wa Kiomani aliyekulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili hakikosekani kazini, na matusi ya kasuku wetu mkubwa yana lafudhi ya Malindi ya Unguja. Ndege tunaowauza wengi wamelelewa kwa mkono. Walitolewa kiotani wakiwa na wiki mbili tatu, wakalishwa uji kwa bomba la sindano, wakakua wakidhani binadamu ndiye mama. Ndege wa namna hii hana woga. Atapanda begani, atakata kifungo cha shati, ataiba kalamu na kuitupa sakafuni ili uiokote, kisha ataitupa tena. Lakini pia ana matatizo yasiyomkuta kasuku wa mwituni, na mengi yanatoka mikononi mwetu sisi wahudumu.

Vijana wengi wanaokuja Ghuba kufanya kazi hii hukabidhiwa ufunguo wa matundu na gunia la alizeti, basi. Haya ni yale ambayo ningependa kuambiwa siku yangu ya kwanza.

Kabla ya dalili yoyote: mizani

Kasuku mgonjwa hujificha. Porini, anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa, kwa hiyo atajikaza na kuchezacheza mpaka siku anaanguka kutoka kwenye kijiti. Manyoya nayo yanaficha ukondefu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kulisha, kila ndege anapanda juu ya mizani ya jikoni inayosoma gramu, niliyoibandika kijiti cha kukalia, na namba inaingia daftarini. Kokateli, yule kasuku mdogo mwenye kishungi, akiwa mzima huwa kati ya gramu 80 na 110. Kasuku wa kijivu huwa kati ya 400 na 500 hivi. Kushinda namba hizo, kiangalie kiwango cha ndege mwenyewe: akishuka kwa asilimia 10 ya uzito wake wa kawaida, usingoje dalili nyingine, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege.

Kokateli mmoja jike alikuja na gramu 94. Siku ya nne, 88. Siku ya sita, 83. Bakuli lake lilikuwa limejaa pomoni, na kijana wa zamu ya jioni akaniapia kwamba huyu anashiba vizuri, mbona chakula hakipungui? Nikainama nikapuliza. Maganda yakanirukia usoni, chini yake zikabaki mbegu kama kumi. Kasuku humenya mbegu na kuliacha ganda palepale bakulini. Macho yanaona bakuli limejaa, ndege analala njaa. Tangu siku ile, bakuli halijazwi juu ya cha jana. Linamwagwa, linaoshwa, linaanza upya.

Gole la kinda halishuki

Hili ndilo linaloua makinda wengi, na ndilo linalohitaji utulivu kuliko yote. Gole ni ule mfuko ulio chini ya koo. Kinda akishashiba unauona umetuna, laini kama puto lenye maji ya uvuguvugu. Kinda mkubwa kidogo hulimaliza kwa muda wa saa nne mpaka sita. Kipimo changu ni alfajiri: mara moja kila siku lazima gole liwe tupu kabisa kabla ya mlo wa kwanza. Ukikuta bado kuna uji wa jana usiku, usimwongezee mpya juu yake. Uji wa zamani unachacha, unachachusha na huo uliouongeza, na ukinusa mdomo wake utasikia harufu ya unga uliovunda.

Anza kuuliza maswali kwa mpangilio huu. Uji ulikuwa na joto gani? Unatakiwa uwe nyuzi 39 mpaka 40, na hilo linapimwa kwa kipimajoto. Usipime kwa kuchovya kidole, kwani kidole chako kimezoea chai. Uji wa baridi gole halitaki kuupitisha. Swali la pili: kinda mwenyewe ana joto? Tumbo haliwezi kusaga chakula mwili ukiwa baridi. Asiye na manyoya anahitaji sanduku lenye nyuzi 32 mpaka 34, na hapa dukani adui ni kiyoyozi kinachompulizia moja kwa moja usiku kucha. La tatu: uji ulikuwa mzito kupita maelezo ya pakiti, kwa sababu mtu alitaka kupunguza idadi ya milo ili awahi kulala? La nne: bomba lilichemshwa, au lilisuuzwa tu na kuwekwa dirishani? Ukungu wa aina ya hamira unapenda sana mabomba ya namna hiyo.

Kama gole limelegea lakini kinda bado ana nguvu na analilia chakula, maji safi kidogo yenye uvuguvugu pamoja na kumwongezea joto mara nyingi hulisogeza. Likikataa ndani ya saa chache, au kinda amenyamaza, huo ni ugonjwa na unahitaji daktari. Usimbinue na kumkamua atapike. Uji ukiingia kwenye njia ya hewa, unakuwa umeondoa tatizo moja na kuleta kifo.

Kuna na kosa la upande wa pili, uji wa moto. Ukipashwa kwenye maikrowevu unakuwa na vidimbwi vya moto katikati, juu ukiona shwari. Ukivuka nyuzi 43 unaunguza gole, na ubaya wake ni kwamba siku hiyo huoni kitu. Baada ya siku kadhaa ngozi ya kifua inakuwa nyeusi, inakauka, inatoboka, na kinda unayemlisha uji unavujia kifuani. Hilo hushonwa na daktari. Koroga, pima, koroga tena.

Na wakati wa kulisha, simama upande wa kushoto wa kinda, elekeza bomba kulia kwake, maana njia ya chakula iko kulia mwa shingo. Msubiri aanze kupiga kichwa juu chini, ile ngoma yao ya kuomba. Akiwa anapiga, njia ya hewa imefunga. Asiyeomba, halishwi.

Aliyeachishwa uji ameanza kulia tena

Usimgombeze. Kokateli huacha uji wakiwa na wiki 7 mpaka 10, kasuku wa kijivu mara nyingi wiki 12 mpaka 16, na wengine huchelewa. Wakihamishwa tundu, au rafiki yao akiuzwa, wanarudi utotoni kwa siku mbili tatu. Mlo mmoja mdogo wa jioni haumharibu mtu. Kinachomharibu ni kuachishwa kwa lazima, kisha anakuwa ndege wa kulalama maisha yake yote.

Mteja atakuja akitaka kinda ambaye bado ananyonya bomba, "ili anizoee mimi". Hapo mimi na mzee tuna msimamo mmoja, ingawa unatukosesha pesa: haondoki mtu na kinda. Ndege aliyezoea mikono mingi atakuzoea na wewe, na hutakuwa na mzigo wa kumlisha usiku ukimmiminia uji mapafuni.

Anauma

Kwanza tenganisha kushika na kuuma. Mdomo ni mkono wa kasuku. Kabla hajakanyaga kidole chako atakishika kwa mdomo kuona kama kinabeba, kama wewe unavyotikisa ngazi kabla ya kupanda. Mtu asiyejua anashtuka, anavuta mkono, ndege anapepesuka. Mara ya pili anashika kwa nguvu zaidi asianguke. Mara ya tatu ameshajua kwamba kidole ni kitu cha kubanwa. Huyo hakuzaliwa mkali, tumemfundisha.

Halafu kuna kuuma kwa kuchezewa kupita kiasi. Ndege wa kulelewa kwa mkono hucheza kama watoto wanavyocheza: raha inapanda, inapanda, mara kunakuwa na kilio. Tazama jicho. Mboni ikianza kubana na kuachia harakaharaka, manyoya ya shingo yakasimama, mkia ukafunguka kama upepeo, hapo mchezo umekwisha hata kama yeye hajui. Mweke kijitini, mpe kipande cha ubao atafune, geuka ushughulike na mengine. Ukiendelea kumtekenya, damu ni halali yako.

Ijumaa jioni ndiyo siku ya majeraha dukani kwetu. Familia zinatoka kutembea, watoto wanapenyeza vidole kwenye waya, ndege mmoja anachokozwa na watu arobaini. Jumamosi asubuhi ananiuma mimi niliyemletea papai. Tukahamisha matundu ya wachezaji nyuma ya meza, mgeni anamshika ndege kwa kuletewa na mhudumu tu, na kila ndege anapata zamu kisha anapumzika. Kuuma kukapungua bila dawa wala mafunzo ya ajabu.

Kosa jingine lilikuwa la mzee mwenyewe. Kasuku wake alikuwa akimbana ndevu, na yeye anacheka na kupiga kelele, "Wallahi huyu jini!" Kwa kasuku, kelele ya binadamu ni zawadi kubwa kuliko karanga. Nikamwambia, "Ami, ukicheka anaona umemtuza." Akanitazama kwa muda mrefu. Sasa akibanwa hanyanyui sauti. Anamshusha kimya na kumpa mgongo kwa dakika moja. Ilichukua kama mwezi.

Aliyepevuka akianza kulinda pembe ya tundu na kumtapikia mtu mbegu kiganjani, hilo ni penzi. Huwa unalichochea wewe kwa kumpapasa mgongo na chini ya bawa. Mguse kichwani na shingoni tu. Utajuaje kwamba si ugonjwa? Anayetapika kwa mapenzi hutoa chakula taratibu na kukuwekea pale alipokusudia. Mgonjwa hutikisa kichwa, matapishi yanaruka, na manyoya ya utosi yanashikana kwa uchafu.

Na yule ambaye hakuwahi kuuma na leo anauma akiguswa sehemu moja, anaumwa. Mrudishe kwenye mizani.

Anaunguruma na kujibana pembeni

Kama ni kasuku wa kijivu na muuzaji amekuapia kwamba amelelewa kwa mkono, usiamini haraka. Mngurumo ule mzito, kichwa kimezikwa kwenye pembe, ni wa ndege mwenye hofu kubwa, na mara nyingi ni aliyenaswa porini. Spishi hii imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, kwa sababu misitu ya kutoka Afrika Magharibi mpaka Kongo ilikuwa inakamuliwa. Anayezaliwa kizuizini huvishwa pete nzima isiyo na kiungo angali kinda, maana mguu ukishakua haipiti tena. Asiye na pete wala karatasi, duka letu halimpokei, hata aletwe na jamaa.

Makelele ya jioni

Kupiga kelele alfajiri na magharibi ni desturi yao. Nje ya duka kuna mitende, na kasuku wa kijani wenye pete shingoni, ambao wamejizalia mjini hapa, huja kulala kwa makundi jua linapozama. Wa kwao wakianza, wa kwetu wanaitikia. Robo saa hivi, kisha kimya. Hiyo iache.

Makelele ya kutafutiwa dawa ni yale ya saa mbili usiku yasiyokoma. Hesabu saa za usingizi. Kasuku anahitaji giza la saa 10 mpaka 12. Maduka ya huku hufunga mchana kwa joto, yanafungua tena alasiri na taa zinawaka mpaka saa nne usiku. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme. Halafu mhudumu anafika saa mbili asubuhi na kuwasha kila kitu. Mtoto wa binadamu ukimfanyia hivyo atalia. Tulichofanya ni kutenga chumba cha nyuma: makinda na kasuku wakubwa wanaingia humo baada ya magharibi, pazia linashushwa. Wateja wa usiku wanaona ndege wa aina ndogo tu, na wa kuwaona wakubwa anaambiwa aje alasiri.

Kama usingizi unatosha na bado anapayuka, jiulize kama anakuita. Kasuku hapendi kumpoteza mwenzake machoni. Ukiwa stoo, mpigie mluzi uleule kila mara. Akishajua uko, ananyamaza. Ukikimbilia tunduni kila akipayuka, umejiajiri kazi ya pili.

Ananyonyoka

Tazama kichwa. Kasuku hawezi kufikia manyoya ya kichwa chake kwa mdomo. Kifua kikiwa kitupu na kichwa kimevaa vizuri, anajinyonyoa mwenyewe. Kichwa nacho kikiwa na upara, ama mwenzake wa tunduni ndiye kinyozi, ama ni maradhi, hasa ule ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo: manyoya yanaota yamepinda, yamebana shinani. Huo unaambukiza kwa vumbi. Mtenge siku hiyohiyo na umwite daktari wa kumpima damu.

Anayejinyonyoa, chunguza upungufu wa usingizi, upweke, kukosa cha kutafuna, na ukavu. Kiyoyozi kinakausha ngozi. Mrushie maji ya uvuguvugu kwa chupa ya kupulizia asubuhi, mara nyingi kwa wiki. Chunguza na chakula: alizeti tupu haina vitamini A ya kutosha wala kalsiamu. Boga, karoti, pilipili hoho nyekundu, viazi vitamu vya njano, mboga za majani. Atakataa siku kumi za kwanza. Mkatie vipande, vining'inize kama mchezo. Ndege wetu walikubali karoti siku walipoona naila mimi mbele yao bila kuwapa.

Kasuku wa kijivu wa kula mbegu tupu anaweza kupungukiwa na kalsiamu mpaka akatetemeka au akaanguka kwa degedege. Hilo ni la hospitali wakati huohuo. Jua la dirishani halimsaidii, kwa sababu kioo huzuia ule mwanga unaotengeneza vitamini D. Degedege na kinyesi cha kijani kikali kwa ndege wa aina yoyote baada ya kuingia tundu jipya la waya wa mabati, fikiria sumu ya zinki.

Kinyesi kimebadilika

Kina sehemu tatu: kigumu, cheupe, na maji. Maji mengi baada ya tikiti si kuhara. Chekundu baada ya kula kiazi sukari (bitiruti), tulia. Cheupe kikigeuka njano au kijani, ini linalalamika. Karatasi nyeupe chini ya tundu, ibadilishwe kila siku. Vumbi la mbao linakuficha haya yote.

Usiku wa manane, vurumai

Wakiwa kokateli, mara nyingi ni hofu ya usiku tu. Mwanga wa gari ukipita, mende akitambaa, tundu zima linalipuka. Acha taa ndogo ikiwaka. Unyoya mchanga wenye damu ukivunjika, bana kwa kitambaa na wanga wa mahindi (kornfla), na damu isipokatika katika dakika chache, usisubiri asubuhi.

Anahema mdomo wazi, mkia unapiga kila pumzi

Hapa hakuna kujaribu. Zima chochote kinachotoa moshi, fungua madirisha, toa ndege nje, kisha ndiyo uulize chanzo. Ndege ana mifuko ya hewa mwilini mzima mbali na mapafu, na moshi unaomkereketa mtu kooni unamuua yeye. Sufuria isiyoshika chakula ikiachwa motoni mpaka ikaunguza ule utando wake, ndege wa chumba cha pili wanakufa kabla hujasikia harufu. Dawa ya mbu ya kupulizia, rangi, manukato, vilevile.

Kwetu ilikuwa ubani. Wageni wa heshima walikuja, mzee akaweka chetezo mezani, ubani wa Dhofar ule mzuri, na kiyoyozi kikazungusha moshi duka zima. Nilikuwa stoo. Nilirudi nikakuta makinda wawili wanapanua midomo na mikia inakwenda kama pampu. Niliita, "Ami, chetezo!" akakitoa mbio kwa mikono yake, kaa likamwangukia kanzuni. Mmoja alipona. Chetezo sasa kinakaa kwenye gari lake, na wageni wanafukizwa barazani.

Wewe ndiye unayeumwa

Ndege wapya tunawatenga siku 45, chumba chao, mabakuli yao, nao huhudumiwa mwisho. Sababu mojawapo ni homa ya kasuku, bakteria inayokuja na vumbi la kinyesi kilichokauka. Ndege huweza kuonekana mzima, au akavimba manyoya, akatoa makamasi na kinyesi cha kijani. Kwa mtu inaanza kama mafua makali: homa, kichwa, kikohozi kikavu, na inaweza kufika mapafuni. Dawa zipo na zinafanya kazi, ila daktari asipojua unashinda na kasuku atakutibu malaria au mafua. Mwambie kazi yako kabla hajakuuliza. Na tundu linalotakiwa kusafishwa, lilowanishe kwanza, usilifagie kavu.